Maafa Bila Mwenye Dhamana



Tarehe 29 Aprili ni tarehe nzito katika nchi hii, ingawa haimo katika orodha ya sikukuu zetu. Mwaka 1994, tarehe hiyo, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa si mbali na nchi kavu, na watu 272 wakafa maji. Mwaka 2016, tarehe hiyo hiyo, jumba la ghorofa sita liliporomoka mtaani Huruma usiku wa mvua, na watu wasiopungua 49 wakafukiwa humo. Mwaka 2024, tarehe hiyo hiyo tena, kabla hakujapambazuka, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli huko Kijabe yalivunja kizuizi yakateremkia Mai Mahiu, yakachukua nyumba, magari na watu zaidi ya 40.

Hatusemi kwamba tarehe hiyo ina mkosi. Sisi ni watu wa sheria, na ushirikina hatuna mahali pa kuuwasilisha. Tunachosema ni kwamba baina ya msiba wa kwanza na huu wa tatu ilipita miaka 30 kamili. Watoto waliozaliwa mwaka wa Mtongwe walikuwa watu wazima wenye watoto wao usiku ule wa Mai Mahiu. Katika miaka hiyo tulibadilisha Marais, tukaandika Katiba mpya kwa kura yetu wenyewe. Lakini mfiwa aliyesimama kando ya matope mwaka 2024 akauliza, "Ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuzuia jambo hili?" aliuliza swali lile lile lililoulizwa ufuoni mwaka 1994, na hapakuwa na ukurasa wa sheria ambao wakili angeweza kumfungulia na kumwekea kidole juu yake.

Mtasema: jibu ni Serikali. Naam, na Mwanasheria Mkuu hushtakiwa kwa niaba yake kila siku. Lakini mwanasheria yeyote aliyewahi kuandika hati ya madai anajua kwamba jaji hataridhika na neno hilo. Atauliza: ofisi gani? Kwa sheria ipi? Ilitakiwa ifanye nini, na kufikia lini? Maswali hayo matatu ndiyo tofauti baina ya haki na huruma. Mahali ambapo hayajibiki, mfiwa huondoka na gunia la unga, blanketi, na picha ya mheshimiwa akimshika mkono.

Tazameni jinsi tulivyofika hapa. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliifagia nchi, madaraja yakaenda, kipindupindu kikaingia, na mwezi wa Januari 1998 Serikali ikaunda Kituo cha Kitaifa cha Kushughulikia Majanga, chini ya Ofisi ya Rais. Hakikuundwa na Bunge. Kiliundwa kwa agizo. Miezi saba baadaye, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu 213 wakauawa, na kituo hicho kichanga kikaonekana kilivyokuwa: hakikuwa na mamlaka juu ya yeyote aliyekuwa pale kwenye kifusi. Wananchi walichimba kwa mikono. Mwaka 2013 kikaundwa chombo kingine, Kitengo cha Kitaifa cha Kudhibiti Majanga, nacho kwa agizo la Rais. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, magaidi waliingia Westgate wakaua watu 67, na nchi nzima ilishuhudia kwenye runinga jinsi polisi na wanajeshi walivyokosa kuelewana nani ni kiongozi wa operesheni. Chombo cha tatu ni Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, na juu ya hiki tutasema zaidi, maana ndicho pekee kati ya vitatu hivyo kilichopewa Sheria yake ya Bunge, mwaka 2016.

Ongezeni hapo polisi, wanajeshi, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, Huduma ya Vijana kwa Taifa, makamishna wa kaunti waliorithi viti vya wale wakuu wa wilaya wa zamani, magavana na vikosi vyao vya zimamoto, na Shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo lina Sheria yake tangu mwaka 1965 na ambalo aghalabu hufika kabla ya wote. Wazee husema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo chetu kina ajabu zaidi: manahodha ni wengi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetajwa katika hati ya chombo.

Kuna watakaotujibu kwamba hoja hii ni ya mawakili wanaopenda makaratasi, na kwamba moto hauzimwi kwa kifungu cha sheria. Tunakubali sehemu ya pili. Lakini fikirini agizo ni kitu gani. Chombo kilichozaliwa kwa agizo chaweza kuhamishwa kwa agizo, kunyimwa fedha kwa kunyamaziwa, na kufa bila matanga. Mkuu wake hana wajibu kwa mtu yeyote ila kwa yule aliyemteua. Hawezi kumwamuru mhandisi wa barabara azibue kalvati, wala kumwamuru mwenye bwawa apunguze maji. Akikosea, hakuna kipimo cha kosa lake; akifanya vyema, hakuna atakayemlinda dhidi ya mkubwa aliyeudhika. Ndiyo sababu tulipigana na utawala wa maagizo katika kila jambo lingine. Tulikataa kwamba uhuru wetu uwe hisani ya mtu mmoja. Kwa nini basi tukubali kwamba uhai wetu, maji yanapopanda, uwe hisani?

Katiba ya mwaka 2010 haikunyamaza. Jedwali la Nne linaipa Serikali ya Taifa kazi ya kukabiliana na majanga, katika kipengele cha 24 cha Sehemu ya Kwanza. Na katika kipengele cha 12 cha Sehemu ya Pili linazipa kaunti huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Kazi moja, serikali mbili. Kifungu cha 186 kinasema kazi iliyopewa ngazi zote mbili ni ya zote mbili kwa pamoja. Waandishi wa Katiba hawakukosea. Moto wa duka mjini Nyeri si kazi ya Nairobi, na ukame unaoshika kaunti 23 hauwezi kuachiwa gavana mmoja. Lakini waliliachia Bunge kazi ya kuchora mstari: janga likifika kiasi gani linatoka mikononi mwa kaunti? Ni nani anayetamka hivyo? Baada ya kutamka, nani anamwamuru nani, na gharama ni ya nani? Mvua za mwaka 2024 zilitukuta mstari huo haujachorwa, miaka 14 baada ya Katiba. Mswada ulikuwa umeandikwa mwaka 2023, na mingine ilikuwa imeutangulia na kufa pamoja na Mabunge yaliyoileta.

Matunda ya pengo hilo tumeyala. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, ikaua watu na kujeruhi mamia. Asubuhi yake tuliambiwa kwamba mamlaka moja ya Serikali ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo pale, tena si mara moja, na kwamba mamlaka nyingine ya Serikali hiyo hiyo ilikuwa imetoa leseni. Maofisa wakasimamishwa kazi. Lakini waliokuwa wamelala majumbani mwao kando ya mitungi ile hawakuwahi kuambiwa kwamba dola ina maoni mawili juu ya usalama wao.

Au tazameni habari za hali ya hewa. Idara ya Utabiri ilitoa tahadhari ya El Nino mwaka 2023. Mwezi wa Oktoba Rais mwenyewe akatangaza kwamba El Nino ile ya kutisha haitakuja. Kufikia Desemba watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa katika mafuriko. Hatumlaumu mtu kwa kushindwa kuliamuru wingu. Twauliza jambo jepesi zaidi: kwa sheria gani tahadhari ya wataalamu hubatilishwa jukwaani? Iwapo utabiri ungekuwa na nguvu ya kisheria, yaani ukitolewa kwa kiwango fulani basi magavana fulani lazima wafungue ghala fulani na wahandisi fulani lazima wakague madaraja fulani, hapangekuwa na mtu wa kuubatilisha kwa hotuba, awe na nia njema kiasi gani.

Kuhusu wanajeshi, Katiba imesema wazi kuliko wengi wanavyojua. Kifungu cha 241 kinaviagiza Vikosi vya Ulinzi visaidie mamlaka nyingine wakati wa dharura au janga, na kinaviagiza vitoe ripoti kwa Bunge la Taifa kila vinapotumwa katika hali hiyo. Ripoti! Msomaji na ajiulize ni lini aliisikia ikisomwa na kujadiliwa Bungeni, janga hadi janga, kama Katiba inavyotaka. Haya si mambo ya urembo. Kumbukeni neno lililotumika ni kusaidia. Maana yake lazima awepo wa kusaidiwa, raia mwenye mamlaka na jina, ambaye jeshi linakuja chini ya mpango wake. Pasipokuwa naye, jeshi halisaidii, linachukua.

Turudi kwa ukame. Baadhi yetu tulikuwa watoto mwaka 1984 tulipokula ugali wa manjano, na tuliokulia mashambani twakumbuka kwamba katika miaka iliyofuata orodha ya wapewao chakula ilishikwa na chifu, na chifu alijua kila mtu anapiga kura wapi. Njaa ilikuwa rungu la siasa. Ndiyo maana tunaitaja Mamlaka ya Ukame kwa heshima fulani. Ina Sheria, ina bodi, ina maofisa katika kaunti kame, na kila mwezi hutoa taarifa inayoiweka kila kaunti katika daraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au kujikwamua. Daraja hizo hupatikana kwa vipimo vya mvua, malisho, maziwa, na mzingo wa mikono ya watoto. Mtu wa upinzani huko Mandera anaweza kuisoma taarifa hiyo na kuuliza kwa nini daraja lilipanda na lori halikuja. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Hata hivyo, tusidanganyane. Serikali iliahidi mwaka 2011 kwamba kufikia mwaka 2022 dharura za ukame zingekuwa zimekomeshwa. Mwaka 2022 wenyewe Wakenya zaidi ya milioni 4 walihitaji chakula cha msaada, na mizoga ya ng'ombe ilitanda Marsabit na Wajir. Sheria haikuleta mvua, wala haikuleta fedha kwa wakati. Ilifanya jambo moja: ilituwezesha kujua ni mlango wa nani tutakaobisha. Na kwa maoni yetu hapo ndipo kazi huanza.

Kuna pia maneno yanayotamkwa kwa kishindo na hayana uzito wowote. Tarehe 10 Februari 2017 Rais alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Tarehe 8 Septemba 2021 akatangaza tena. Magazeti yakapiga chapa. Sasa, katika sheria za Kenya wakati huo, tangazo la janga la kitaifa lilizaa nini? Hali ya hatari chini ya Kifungu cha 58 tunaijua, ina masharti na muda na Bunge lina kura. Hazina ya Dharura chini ya Kifungu cha 208 tunaijua, ina masharti yake. Lakini "janga la kitaifa", hivyo hivyo lilivyo, lilikuwa tangazo lisilo na sheria ya kulibeba. Halikumfunga Waziri kufanya lolote kufikia tarehe yoyote. Lilikuwa ombi kwa wafadhili lililovikwa joho la amri.

Majirani zetu hawakungoja. Tanzania ilitunga Sheria ya usimamizi wa maafa mwaka 2015, ikaifuta na kutunga nyingine mwaka 2022, ikiweka uratibu chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na kamati zinazoshuka hadi kijijini. Afrika Kusini ilitunga yake mwaka 2002, na humo kuna jambo tunalotaka wabunge wetu walisome mara mbili: kituo cha taifa hulipima kila janga na kulitaja kuwa la mtaa, la jimbo au la taifa, na jina hilo ndilo huamua nani anabeba wajibu wa kwanza. Halipimwi tena kwa ukubwa wa kelele wala kwa chama cha gavana. Mstari ule Katiba yetu uliouachia Bunge, wenzetu waliuchora miaka zaidi ya 20 iliyopita.

Lakini wenzetu hao hao wana somo la pili, na hapa tunawataka wanamageuzi wafungue masikio, kwa maana hatari iko pande zote mbili. Sheria ya Afrika Kusini inamruhusu Waziri kutangaza hali ya janga kwa miezi mitatu, kisha kuiongeza mwezi mmoja mmoja. Korona ilipokuja mwezi wa Machi 2020, hali hiyo iliongezwa na kuongezwa hadi Aprili 2022, bila Bunge kupiga kura ya kila nyongeza. Hilo nasi hatulitaki. Nchi hii inajua amri za dharura ni mnyama gani. Kaskazini Mashariki iliishi chini yake tangu kabla ya jamhuri hadi mwaka 1991. Sheria ya kuhifadhi usalama wa umma, Sura ya 57, ilijaza magereza yetu watu wasiofunguliwa mashtaka. Na tukidhani hayo ni ya kale, tukumbuke tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, wasafiri waliosongamana kivukoni Likoni wakisubiri feri wakapigwa na kutupiwa vitoa machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi Nairobi akiwa roshanini kwao. Mwezi wa Aprili Mahakama Kuu ilisema kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi zilivunja Katiba.

Mwananchi wa Likoni na Mtongwe, basi, ameonja sura zote mbili za dola wakati wa maafa: mwaka 1994 haikuwapo alipozama, na mwaka 2020 ilikuwapo na rungu. Sheria tunayoidai ni ile inayokataza yote mawili. Impe mtu mmoja mwenye cheo cha kisheria mamlaka ya kuwaamuru mawaziri wakati wa janga lililotajwa kuwa la taifa. Na mamlaka hayo yafe yenyewe baada ya siku chache Bunge lisipoyapigia kura. Ilazimishe uchunguzi wa wazi baada ya kila janga lililoua, na ripoti itolewe kwa umma kwa tarehe iliyowekwa, si kwa hiari ya yule aliyekabidhiwa. Fedha ziende kaunti kabla ya mvua, kwa daraja za tahadhari, na si baada ya mazishi. Na asihamishwe mtu kwa nguvu kwa jina la usalama wake bila kuonyeshwa mahali anapohamia.

Hili la mwisho tunalitaja kwa sababu tuliliona kwa macho. Baada ya mafuriko ya 2024, yaliyoua karibu watu 300 nchini, tingatinga zilipita Mathare na Mukuru kando ya mito, zikabomoa nyumba za watu ambao maji yalikuwa yamekwisha kuwaponda, na Rais akaahidi kila familia shilingi 10,000. Tarehe 10 Mei ikatangazwa siku ya mapumziko ya kupanda miti kwa kuwakumbuka waliokufa. Miti ni mizuri. Lakini kando ya mito hiyo hiyo zilisimama pia kuta za wenye nguvu, na hakuna sheria iliyolazimisha tingatinga zianze kwa nani.

Watakaopinga watasema kuwa Sheria moja itaongeza chombo cha nne juu ya vitatu, na mishahara juu ya mishahara. Hofu hiyo ina msingi, na tutaiunga mkono kwa ukali ikiwa mswada utaviacha vyombo vya zamani viendelee kuishi pembeni. Chombo kipya kirithi au kisizaliwe. Wengine watasema magavana watanyang'anywa kazi yao. Kwao twajibu kwamba kaunti isiyo na gari la zimamoto linalotembea haijanyang'anywa kazi, imeiacha barazani.

Sasa kazi ni yetu. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo katika mamlaka yake, ikiwa ni pamoja na kutunga au kurekebisha sheria. Ombi ni karatasi moja au mbili, lugha ya Kiswahili inatosha, na halihitaji wakili. Tunawaomba wasomaji wa Budalang'i, wa Solai ambako bwawa lilipasuka tarehe 9 Mei 2018, wa Pokot Magharibi ambako mlima ulishuka Novemba 2019, wa Sinai, wa Huruma na wa Mai Mahiu waandike kwa majina ya vijiji vyao na tarehe za misiba yao. Na makadirio ya kaunti yanapofikishwa mbele ya wananchi kabla ya mwisho wa Juni, ingieni ukumbini mkaulize fedha za dharura ni kiasi gani, ziko katika akaunti gani, na ni ofisa yupi, kwa cheo chake, anayeruhusiwa kuzitoa usiku wa manane.